Kiinua Mgongo na Jumatatu ya Kwanza

Mhadhara kwa watumishi wa umma wa wilaya za Ngara na Biharamulo wanaokaribia kustaafu



Asubuhi hii nimepita kati yenu pale nje, nikauliza kila niliyemfikia swali moja: ukistaafu utafanya nini? Karibu wote mmenijibu kwa jina la kitu. Nyumba ya wageni Benaco. Fremu tatu za maduka Nyakanazi. Fuso. Ng'ombe wawili wa maziwa. Mashine ya kukoboa mahindi. Sikumpata hata mmoja aliyenijibu kwa siku, akaniambia kwamba Jumatatu saa fulani atakuwa mahali fulani, akifanya kazi fulani, na kuna mtu atakuwa anamsubiri. Nimekuja kuzungumza juu ya hiyo Jumatatu, kwa sababu yangu ilinikuta sijaiandaa.

Nilistaafu mwaka 2022 nikiwa nimetimiza miaka 60. Nimeshika chaki miaka 36, mingine hapa Ngara, mingine Biharamulo. Ijumaa waliniaga vizuri sana: wanafunzi wakaimba, wazazi wakaleta mbuzi, walimu wakanivika kitenge. Jumatatu nikaamka saa 11 alfajiri kama nilivyozoea. Nikaoga, nikavaa, nikachukua mkoba. Mkono ukaingia wenyewe kwenye mfuko wa pembeni kutafuta chaki, na zilikuwemo, vipande viwili, kimoja cheupe na kimoja cha bluu. Nikasimama mlangoni nazo mkononi. Shule iko ng'ambo ya bonde, kengele yake inafika kwetu. Ikalia. Nikasikia watoto wakikimbilia mstarini, nikamsikia kiranja akiwapanga. Nikakaa kwenye kiti cha barazani mpaka saa nne, mkoba ukiwa mapajani. Mume wangu alileta chai, akaiweka kwenye kigoda, akaondoka bila kusema neno. Ilipoa pale pale.

Sikuwa na njaa wala ugonjwa, na mafao yalikuwa njiani. Lakini asubuhi ile hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye mambo yake yangeharibika kama nisingetokea. Kwa mtu aliyezoea kuhesabiwa kila siku kwenye daftari la mahudhurio, hilo ni jambo zito, na hakuna semina ya wastaafu watarajiwa iliyowahi kuniambia kwamba litakuja.

Tuanze na pesa, maana najua nisipoitaja mapema mtakuwa mnaniangalia tu huku mnapiga hesabu zenu. Chukueni mwalimu aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30, na wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu iliyo bora ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, sawa na 12,000,000 kwa mwaka. Zidisha 12,000,000 kwa miezi 360, gawanya kwa 580. Unapata kama shilingi 7,448,000, ambayo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka. Sasa izidishe kwa 12.5, kisha ukate sehemu ya mkupuo. Kuanzia Julai 2022 sehemu hiyo ilikuwa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi asilimia 40 kwa lile kundi ambalo zamani lilikuwa likipata asilimia 50. Kwa asilimia 40, mwalimu wetu atapokea mkupuo wa shilingi 37,200,000 hivi, na baada ya hapo shilingi 372,000 kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake.

Katika miaka yote niliyosikia watumishi wakibishana kuhusu kikokotoo hiki cha pensheni, nimesikia ile milioni 37 ikitajwa mara elfu, na ile laki tatu na sabini ikitajwa kwa nadra mno. Ilhali laki tatu na sabini ndiyo maisha. Jana mwalimu huyu alikuwa anaishi kwa milioni moja, ukiondoa makato, na kesho ataishi kwa theluthi na kidogo. Mtanzania aliyefika miaka 60 bado ana wastani wa zaidi ya miaka 15 mbele yake. Tuchukue hiyo 15. Ni miezi 180. Ni Jumatatu 780. Mkupuo ni mmoja, Jumatatu ni 780, na sisi tunapanga ule mmoja usiku na mchana.

Kiswahili kilishaliona hili zamani. Malipo ya kustaafu tuliyaita kiinua mgongo. Mtu alikuwa ameinama miaka yote juu ya jembe, juu ya mgonjwa, juu ya daftari la mtoto wa watu. Sasa anapewa kitu cha kumwezesha kunyanyuka na kusimama wima. Neno lenyewe linamzungumzia mtu na mgongo wake. Halisemi habari za Fuso.

Na nimetaja Fuso kwa sababu. Mwenzangu mmoja kule Biharamulo, mtu makini, aliyenizidi elimu na nidhamu, alinunua Fuso lililotumika ili lisombe mahindi kupeleka Kahama. Maisha yake yote hakuwahi kuendesha hata pikipiki. Dereva alikuwa na kazi ndani ya lile gari, utingo alikuwa na kazi, fundi alikuwa na kazi. Yeye alikuwa na kadi ya gari. Alikuwa akikaa nyumbani akisubiri simu, na kila simu ilikuwa ya tairi, au ya faini, au ya pampu ya dizeli. Mwezi wa 14 injini ikafa. Kilichomuumiza zaidi, aliniambia mwenyewe tukiwa tumekaa chini ya mwembe wake, kilikuwa kwamba hata lilipokuwa linafanya kazi vizuri, halikuwahi kumpa sababu ya kuamka.

Ndugu zangu, wilaya zetu mbili zinaijua mikupuo kuliko wilaya nyingi za nchi hii. Sisemi mafao, nasema majira ya neema yanayokuja kama mafuriko na kuondoka kama yalivyokuja. Wengi wenu mlikuwa vijana mwaka 1994. Kuanzia tarehe 28 Aprili mwaka ule, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, wakikimbia vita na mauaji. Eneo ambalo tulilijua tu kwa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyowahi kujenga barabara, Benaco, likageuka kambi kubwa kiasi kwamba watu waliiita jiji la pili la Tanzania baada ya Dar es Salaam. Baada ya muda si mrefu wakimbizi katika wilaya hii walituzidi sisi wenyeji kwa idadi.

Kilichofuata mnakikumbuka. Kuni zikaisha milimani, chemchemi zikachafuka, wizi ukaingia vijijini. Pamoja na shida hizo ikaja pesa. Mashirika yalitaka madereva, wakalimani, walinzi, wauguzi, watunza ghala. Walimu wakaacha chaki, matabibu wakaacha zahanati. Sikuwalaumu, mshahara wa kambini uliuzidi wetu mbali sana. Nilibaki darasani na watoto zaidi ya 100, na nakiri kwamba nilibaki kwa sababu nilikuwa na mtoto mchanga, si kwa sababu ya uzalendo. Kisha Desemba 1996 Serikali ikatangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo huo. Barabara ya Rusumo ikajaa watu kwa upande wa pili. Kambi ya Lukole ya Warundi iliendelea hadi ilipofungwa mwaka 2008, lakini yale mafuriko yenyewe yalikuwa yamepita. Niliwaona watu wazima Januari 1997 wakizunguka mjini hapa na vitambulisho vya mashirika bado shingoni.

Nini kilibaki? Swali hili limewashughulisha hata wachumi wa nje waliokuja baadaye kuipima Kagera. Walichokikuta ni kwamba miaka mingi baada ya kambi kufungwa, vijiji vilivyokuwa karibu nazo vilikuwa na hali bora kuliko ilivyotazamiwa, na sababu kubwa waliyoiona ilikuwa barabara, kwa kuwa gharama ya kusafiri na kusafirisha ilishuka. Mishahara haikubaki, barabara ilibaki, kwa maana barabara hupitwa kila siku. Ikabaki pia Redio Kwizera, iliyoanzishwa na Wajesuti wa huduma ya wakimbizi mwaka 1995 ili kuwafikia watu wa kambini. Kambi zimeota nyasi, na redio inasikika hadi leo kwa sababu kila siku kulikuwa na mtu wa kufungua studio.

Na walibaki watu wa namna fulani. Namkumbuka mama mmoja wa jirani yangu aliyekuwa akiuza ndizi kambini. Kila Jumamosi alirudi na bati moja kichwani. Bati moja tu. Wenzake walinunua redio kaseti na viatu vya mchuchumio, yeye alikuwa na rundo la mabati nyuma ya jiko, kalifunika kwa majani ya migomba. Tulidhani ana tabia ya ajabu. Mwaka 1997 aliezeka nyumba ya vyumba vinne, na siku ile tuliona kwamba yale mabati yalikuwa yamehesabiwa tangu mwanzo, alijua anataka mangapi.

Kwenu Biharamulo mna Tulawaka. Mgodi ule ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005, na mwaka 2013 wawekezaji wakauachia, ukachukuliwa na shirika la madini la Serikali, STAMICO, na kupewa jina la STAMIGOLD. Miaka minane. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku mgodi ulipofunguliwa alikuwa kidato cha pili mambo yalipobadilika. Na sasa Ngara tuna nikeli ya Kabanga. Mkataba wa Serikali na mwekezaji ulisainiwa Januari 2021, leseni ikatolewa Oktoba mwaka huo, na kaya nyingi kule Bugarama zimepokea fidia ili zipishe mradi. Nimekwenda kuzungumza na baadhi ya wazee wa huko. Wana swali lile lile mlilo nalo ninyi: pesa imekuja mara moja, shamba lililokuwa likiwaamsha halipo. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, zamani nilikuwa najua leo ni siku gani kwa kuangalia magugu." Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikaa naye mpaka jioni.

Basi mabadiliko yanapokelewaje? Niliyejifunza kwake ni mama yangu mzazi, Mungu amlaze pema, na aliyekuwa akimfundisha yeye ni mgomba.

Mnaukumbuka unyanjano, ule ugonjwa wa migomba, ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000. Ulipofika kwetu, mama alikuwa amepita miaka 70 na mume alikuwa amekwisha kumfia. Shamba lile la migomba lilikuwa nyuma ya nyumba, limepandwa na mama mkwe wake, na baadhi ya mashina alikuwa akiyaita kwa majina ya watu. Akaanza kuona ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, nusu ya mkungu, nusu bado. Bibi shamba wa kata akaja. Akachukua kisu, akapasua ndizi moja: ndani hudhurungi, kama imechomwa. Akakata shina, tukasubiri kidogo, likatoa usaha wa njano. Akakipitisha kisu kwenye moto wa jikoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, akatueleza kwamba panga letu wenyewe ndilo linalotembeza ugonjwa kutoka shina hadi shina. Kisha akachukua kijiti chenye panda, akashika lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, akalizungusha mpaka likavunjika. Akasema tulivunje mapema kwenye kila mgomba ulio mzima, tena kwa kijiti, tusiguse kwa kisu, kwa sababu wadudu wanaofuata utamu wa ua ndio wanaobeba vimelea. Na yale mashina yaliyougua tuyang'oe yote.

Majirani wengine walikataa. Walisema ni kiangazi tu, ni udongo umechoka. Mama hakusema kitu mpaka bibi shamba alipoondoka. Akaingia shambani peke yake, akashika shina moja, akalia. Alilia kwa sauti, kama msibani, nasi tukamwacha. Kesho yake akaita vijana wakang'oa. Ile sehemu ilipobaki wazi, nyekundu, kama kidonda, aliniita akaniambia: hapa nitapanda maharage mvua za vuli zikinyesha, na vuli ya mwaka kesho, kama Mungu yupo na mimi nipo, nitapanda machipukizi safi, 40, kutoka kwa watu nitakaowachagua mwenyewe. Akaniomba nimwandikie hiyo 40 kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, ingawa hakujua kusoma. Alitaka kila anayepita aione na amwulize.

Nimehudhuria semina nyingi za kupanga malengo, nyingine zikiwa na chati za rangi. Sijaona lengo lililopangwa vizuri kuliko lile. Lilikuwa na idadi, lilikuwa na majira, lilikuwa na kazi ya kufanya wakati wa kusubiri, na lilikuwa na mashahidi. Na juu ya yote, lilianza na kilio. Tunaosema "yapokee mabadiliko" huwa tunaruka hapo. Mtu aliyeng'olewa kazi ya miaka 36 ana haki ya siku yake ya kulia shambani, na anayemharakisha kuinuka hamtakii mema.

Nataka niseme jambo la pili kwa haraka, linalohusu kuachia. Kustaafu kwa umri ni kitu kipya duniani. Ujerumani, nchi ile ile ambayo maofisa wake walituachia boma pale Biharamulo, ilitunga sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889, na umri waliouweka ulikuwa miaka 70. Babu zetu hawakujua tarehe ya kustaafu, lakini walijua kupisha. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 alitupa neno la Kizanaki, kung'atuka, na neno hilo likaingia katika Kiswahili na kukaa kwa sababu tulilihitaji. Kwa Wazanaki wazee hutoka kwenye uongozi kwa hiari yao, wakaliachia rika linalofuata.

Watu husema Mwalimu alikwenda Butiama kulima, na ni kweli alilima. Lakini angalieni alichokifanya na Jumatatu zake. Aliongoza Tume ya Kusini hadi 1990. Alizigeuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili. Na kuanzia 1996 alibeba usuluhishi wa vita ya Burundi, kazi ambayo ilikuwa bado mikononi mwake alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba ulisainiwa Arusha Agosti 2000, Mandela akiwa amepokea usukani. Sisi wa Ngara hatukuisoma habari hiyo kwenye magazeti tu. Lukole ilikuwa hapa. Watoto wa Kirundi waliokuwa wakisubiri ule mkataba walikuwa wakinunua muhogo kwenye masoko yetu. Mzee wa miaka 74 alichagua kazi ambayo alijua huenda asiione mwisho wake. Cheo alikwisha kukiacha, na ualimu aliendelea nao.

Ninyi pia mtaitwa Mwalimu, Nesi, Bwana Shamba mpaka mnaingia kaburini, hapa kwetu jina hilo halina tarehe ya kustaafu. Ofisi ndiyo inayobaki na kiti chake. Naomba mkiache kweli. Nimewaona wastaafu wanaokwenda shuleni kila wiki kumweleza mwalimu mkuu mpya jinsi mambo yalivyokuwa yakifanyika, na nimeona macho ya mwalimu mkuu.

Akina baba, nawaomba radhi kwa hili, lakini lazima niliseme kwa sauti. Nyumba mnayorudi ina mwenyewe. Kwa miaka 35 mmetoka saa moja na kurudi saa kumi, na mkeo alikwisha kuupanga mchana wake: saa ya kuni, saa ya kikundi, saa ya kulala kidogo. Ukiingia mchana huo bila shughuli yako mwenyewe, ukaanza kuuliza sukari inakwendaje na nani amehamisha jembe, utavunja kitu ambacho hukukijenga. Kaa naye mezani kabla ya tarehe. Mwulize yeye Jumatatu yake ikoje.

Na watoto. Wako watafiti waliozifuata kaya zaidi ya 900 za mkoa huu tangu 1991, wakarudi 2004 kuwatafuta wale wale, hata waliokuwa wamehamia mbali. Waligundua kwamba waliohama makwao, ukilinganisha na ndugu zao waliobaki, matumizi ya maisha yao yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi. Ninaitaja takwimu hiyo kwa sababu moja. Mstaafu akishapata mkupuo, wazo la kwanza mara nyingi ni kumwita kijana wake aliyeko Mwanza au Kahama aje asimamie mradi wa baba. Kijana anaacha kibarua chenye mwelekeo, anakuja kukaa kwenye duka ambalo si lake, na mradi ukianguka mnaanguka wote wawili pamoja na undugu wenu. Mwacheni aende zake. Pangeni kitu ambacho mikono yenu wenyewe inaweza kukiendesha.

Sasa niwaambie nilichofanya baada ya ile chai kupoa, maana mwenyekiti ananionyesha saa.

Nilinunua daftari la kaunta. Kwa wiki mbili sikuandika lengo lolote, niliandika tu kila siku nimeamka saa ngapi, nimefanya nini, na nani alinihitaji. Siku nyingi ile nafasi ya mwisho ilibaki tupu. Wiki ya tatu jirani alikuja kuniomba nimsomee daftari la kikundi chao cha kuweka na kukopa, kwa sababu alihisi hisa zake zimepungua. Wako wanawake 25, na anayejua kuandika hesabu vizuri alikuwa mmoja. Hakuwa mwizi, alikuwa amechoka na kukosea kujumlisha. Nikaandika: ifikapo Pasaka 2023, wote 25 wawe wanasoma ukurasa wao wenyewe. Jumatatu, saa mbili asubuhi, chini ya banda la ghala la kijiji. Nikamwambia mume wangu, nikawaambia wao, nikamwambia mchungaji, ili waniulize.

Pasaka ilifika, waliokuwa wanaweza walikuwa tisa. Sikufuta tarehe. Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: 9. Nikagundua kosa ni langu, nilikuwa nawafundisha kama darasa la tatu, wakati wao walikuwa tayari wanajua hesabu kichwani kuliko mimi. Mama anayeuza dagaa anatoa chenji ya elfu kumi bila kufikiri. Kilichowashinda kilikuwa zile safu na mistari. Tukaanza upya na pesa zenyewe juu ya mkeka, kila noti ikiwekwa kwenye mstari wake, na baada ya hapo ndipo kalamu. Mama mmoja mwenye miaka 68, ambaye maisha yake yote alikuwa akiweka dole gumba, alipoandika 4,500 kwenye safu yake kwa mkono wake, alilifunika daftari kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayezuia kuku asitoroke, akakaa hivyo kwa muda. Desemba walikuwa 21.

Vile vipande viwili vya chaki, ndivyo nilivyovitumia siku ya kwanza. Cha bluu kiliisha wiki ile ile.

Na mkupuo wangu? Nilikarabati paa, nikanunua ng'ombe mmoja, pesa iliyobaki iko benki na sina haraka nayo. Ng'ombe yule anahudumiwa na mume wangu kwa sababu yeye ndiye anayempenda.

Mwaka huu daftari langu lina mstari mmoja tu. Kuna binti wa kidato cha nne aliyemaliza hapa kijijini, matokeo yake hayakumpeleka mbali, na amekuwa akikaa karibu nami kila Jumatatu akitazama ninavyofunga hesabu. Nimeandika kwamba ifikapo mwisho wa Novemba yeye ndiye atakuwa katibu, kwa kura ya kikundi, na mimi nitakuwa nimeng'atuka kwa mara ya pili. Sijui nitakwenda wapi baada ya hapo. Nimeanza tena kuandika, kila siku, nani amenihitaji. Jumatatu ijayo yeye atashika kalamu kwa mara ya kwanza mbele ya watu, nami nimemwahidi nitakaa benchi la nyuma, saa mbili kamili, na sitafungua mdomo.